Aliyeikana imani kwa hiari yake kisha akarudi: je, Waebrania 6 inamfungia mlango?

Msomaji wa Waebrania:
Shalom wapendwa. Ninaomba tulijadili jambo hili kwa utulivu, kwa kuwa linamhusu mtu ninayemfahamu, naye ameniruhusu kulileta hapa bila kumtaja. Alibatizwa, akafundisha watoto shule ya Jumapili, akawahi hata kuhubiri, kisha akaiacha imani. Hakulegea kidogo kidogo kama wengi wanavyolegea. Alitamka mbele ya rafiki zake kwamba haamini tena, na kwa miaka kadhaa aliwashawishi wengine wamfuate. Hakuna aliyemtishia wala kumlazimisha. Sasa amerudi. Anakuja ibadani, anaketi benchi la mwisho, na kila inapoandaliwa meza ya Bwana anainuka na kutoka nje, kwa sababu amesoma Waebrania 6:4-6 na Waebrania 10:26 na ameamini kwamba maneno yale yanamhusu yeye. Je, mtu wa namna hii anasamehewa, au kuna mpaka ambao akishauvuka harudi tena? Ninaomba tusiishie kunukuu 1 Yohana 1:9, kwamba tukiziungama dhambi zetu Mungu hutusamehe, maana mstari huo anaujua kwa moyo na bado anatoka nje.

Neema Tele:
Amani kwenu. Mimi sioni ugumu wowote hapa. Katika Luka 15 baba alimwona mwanawe angali mbali, akamhurumia, akaenda mbio, akamwangukia shingoni, na hayo yote yalitangulia maungamo ya kijana. Joho, pete na viatu vililetwa bila kuundwa kamati. Ndugu huyo aambiwe aketi mezani.

Mberoya:
Dada Neema, Luka 15 ni kweli tupu, lakini haijibu alichouliza mleta mada. Yule mwana mpotevu alitapanya mali, wala hatusomi mahali popote kwamba alimkana baba yake. Hata akiwa kwa nguruwe bado anasema "baba yangu". Waebrania 6 inamtaja mtu aliyepewa nuru, akakionja kipawa cha mbinguni, akafanywa mshirika wa Roho Mtakatifu, kisha akaanguka. Tutazame basi mwandishi anasema nini hasa kisichowezekana. Anasema "haiwezekani kuwafanya upya tena hata wakatubu". Hasemi kwamba wametubu na Mungu akawakatalia. Anasema hawafiki kwenye toba yenyewe. Mtu anayeketi benchi la mwisho huku akilia kwa ajili ya alichokitenda tayari yuko mahali ambapo mstari huo unasema mtu wake hawezi kufika. Kwa maoni yangu, hofu yake ndiyo ushahidi kwamba siye anayetajwa pale.

Mlinzi wa Zamu ya Usiku:
Mtumishi Mberoya, hoja yako ni nzuri, lakini ukisonga mbele hadi sura ya 12 mstari wa 17 utakutana na Esau, ambaye hakuona nafasi ya kutubu ingawa aliitafuta sana kwa machozi. Kama machozi ni ushahidi, mbona ya Esau hayakumsaidia? Ninauliza kwa sababu nimeona watu wakifarijiwa haraka kwa hoja hiyo yako, na siku wanapofika kwenye habari ya Esau wanaanguka upya.

Mberoya:
Ni swali la haki. Turudi Mwanzo 27, ambako habari yenyewe imeandikwa. Esau analia kwa sauti kuu akimwambia baba yake ambariki naye pia. Katika sura ile yote haonyeshi majuto kwa kuwa aliudharau urithi wake. Mwisho wa kilio chake ni kupanga kumwua ndugu yake baba akishakufa. Alichokililia ni baraka iliyompotea, na machozi ya hasara yanaweza kuwa mengi kuliko machozi ya toba. Mtu wa mleta mada anachokililia ni kipi? Akijibu hilo, atajua kama yuko upande wa Esau au hayuko.

Mtafiti wa Mapokeo:
Salaam. Inafaa wapendwa wafahamu kwamba swali hili liliwahi kuligawa kanisa hadi likapasuka. Mwaka 250 Kaisari Diocletian alitoa amri kwamba watu wote katika dola ya Roma watoe sadaka kwa miungu na wapewe hati ya kuthibitisha hivyo. Baadhi ya hati hizo, zilizoandikwa juu ya mafunjo, zimepatikana Misri, na ukizisoma zinatisha kwa ukavu wake: mtu anajitaja jina, anasema siku zote amekuwa akiitolea miungu sadaka, na kwamba sasa mbele ya maofisa amemimina kinywaji, ametoa sadaka na kuonja nyama yake, kisha anaomba watie sahihi. Wakristo wengi walitoa sadaka, wengine walifukiza uvumba tu, na wengine walinunua hati bila kutenda lolote. Dhiki ilipopungua walirudi kwa wingi, na maaskofu hawakujua wawafanyeje.

Karani wa Sinodi:
Sahihisho moja kabla hatujaendelea. Amri ya mwaka 250 ilikuwa ya Kaisari Decius, aliyetawala kuanzia 249 hadi 251. Mateso ya Diocletian yalianza mwaka 303, na hayo ndiyo yaliyoleta mgogoro wa viongozi waliosalimisha Maandiko, ambao kutokana nao walitokea Wadonati, kundi lililojitenga na kanisa kaskazini mwa Afrika. Ni mambo mawili yaliyopishana kwa zaidi ya miaka hamsini.

Mtafiti wa Mapokeo:
Ni kweli, ni Decius, asante. Naendelea. Askofu Cyprian wa Carthage alikuwa amejificha wakati wa dhiki, na aliporudi mwaka 251 alikuta jambo limekwisha kuharibika. Waliofungwa kwa ajili ya Kristo walikuwa wakiwaandikia walioanguka barua za amani, na watu walizileta kanisani wakidai wapokewe siku hiyo hiyo. Baraza la maaskofu la mwaka ule lilikataa pande zote mbili, kuwapokea wote papo hapo na kuwafungia mlango wote. Walionunua hati tu waliruhusiwa kupokewa baada ya kila mmoja kuchunguzwa kesi yake. Waliotoa sadaka waliagizwa wadumu katika toba na wapewe ushirika wanapokaribia kufa. Baadaye, tishio jipya la mateso lilipoonekana, wote waliokuwa wakitubu walipokewa, ili wasiingie vitani bila mwili na damu ya Bwana. Huko Roma, kuhani Novatian alipinga upole huo, akajitenga na kuwa na maaskofu wake. Yeye alisema aliyemkana Kristo hawezi kusamehewa kamwe.

Karani wa Sinodi:
Hapo tena ningependa tuwe waangalifu, kwa sababu msimamo wa Novatian kwa kawaida unasimuliwa kwa ukali kuliko ulivyokuwa. Hakusema kwamba rehema ya Mungu haimfikii aliyeanguka. Alisema kanisa halina mamlaka ya kumrudishia ushirika, na kwamba aachwe atubu hadi kufa akimtumaini Mungu peke yake. Nalisisitiza hili kwa sababu mleta mada ameuliza swali moja ambalo ndani yake yamo mawili: Mungu anamsamehe? Na sisi tunampokea? Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 ulijibu hilo la pili kwa ndiyo, lakini ndiyo yenye muda. Kanuni yake ya 11 inawahusu walioanguka bila kulazimishwa na bila kunyang'anywa mali, yaani watu wanaofanana kabisa na mtu wa mada hii. Iliagiza wakae miaka 3 miongoni mwa wasikilizaji, miaka 7 miongoni mwa wanaosujudu, na miaka 2 wakisali pamoja na waumini bila kushiriki karamu ya Bwana. Na kanuni ya 13 ikasema anayekaribia kufa asinyimwe ushirika.

Neema Tele:
Miaka 12! Mtumishi Karani, yule baba wa Luka 15 angekuwa amekwisha kumzeekea mwanawe mlangoni.

Karani wa Sinodi:
Dada yangu, nimekusikia, lakini kumbuka kwamba walioweka kanuni ile walikuwa wameketi na watu waliobeba makovu ya mateso. Kumrudisha aliyekana siku hiyo hiyo mbele ya mjane wa aliyeuawa kwa kukataa kukana lilikuwa jambo zito kuliko tunavyoweza kulipima tukiwa tumeketi salama.

Aliyerudi Jioni:
Bwana asifiwe. Nimesoma yote kimya, sasa naomba kusema, kwa kuwa mimi ni mmoja wao. Niliacha imani kwa miaka mingi, nikarudi. Wengi mnajadili kama Mungu anasamehe. Kwangu hilo lilipata jibu usiku mmoja nikiwa peke yangu, bila kelele. Kilichonivunja ni kilichofuata. Niliitwa mbele ya wazee, nikapewa karatasi iliyoandikwa tayari kwa mkono, yenye maneno ya kuungama ambayo si yangu, ikiwa na nafasi wazi mahali pa jina. Nilitakiwa kuisoma mbele ya kusanyiko lote. Mistari miwili kati ya hiyo ilikuwa na makosa ambayo sikuyatenda, na nilipouliza niliambiwa kwamba mtu mnyenyekevu hajitetei. Niliisoma. Watu walipiga makofi. Kwa miezi iliyofuata hakuna aliyeniomba hata kushika kitabu cha nyimbo. Ndiyo maana nasema, huyo ndugu wa benchi la mwisho huenda haogopi Waebrania 6 peke yake. Huenda anatuogopa sisi, na Waebrania 6 ndiyo sababu anayoweza kuitamka.

Mzee wa Kundi:
Dada Aliyerudi Jioni, pole sana, na asante kwa kutuamini kwa habari hiyo. Mimi nimehudumu katika baraza la wazee kwa muda mrefu, na ninasema bila kuzunguka: kumwandikia mtu toba yake ni kumnyang'anya. Paulo anatoa mfano ulio kinyume kabisa. Katika 2 Wakorintho 2 anamtaja mtu aliyeadhibiwa na walio wengi, anasema adhabu hiyo inatosha, na anawasihi wamsamehe na kumfariji ili asimezwe na huzuni iliyozidi. Kisha anaongeza neno ambalo wazee wengi tunalipita haraka, kwamba Shetani asipate kutushinda katika jambo hili. Kwa hiyo kuchelewa kusamehe nako kuna mlango wa adui, wala si kusamehe mapema peke yake.

Hata hivyo, ninatofautisha mambo mawili. Kumpokea mtu mezani ni jambo la leo. Kumrudishia mimbari ni jambo jingine, linalohitaji muda na kujaribiwa.

Mvuvi wa Pwani ya Ziwa:
Mzee, na Petro je? Alikana mara tatu kando ya moto wa makaa katika ua wa kuhani mkuu, na katika Yohana 21 Bwana anamkaribisha kando ya moto mwingine wa makaa, anamuuliza mara tatu, na kila mara anampa kazi ya kulisha kondoo. Msamaha na utume vilirudi asubuhi moja. Hata kabla ya kumkana, katika Luka 22:32, alikwisha kuambiwa kwamba akiongoka awaimarishe ndugu zake. Kuanguka kwake kulikuwa kumetengewa matumizi kabla hakujatokea.

Mlinzi wa Zamu ya Usiku:
Ndugu Mvuvi, kila mtu humkimbilia Petro, lakini Petro alikana kwa hofu, usiku mmoja, na jogoo alipowika alitoka nje akalia kwa majonzi. Hakwenda kuanzisha darasa la kuwafundisha watu kwamba Yesu si Kristo. Mtu wa mada hii alikana akiwa ametulia, kwa miaka, na kwa kufundisha. Mfano wa karibu naye ni Manase mfalme wa Yuda, aliyetawala miaka 55, akajenga madhabahu za miungu ndani ya nyumba ya Bwana na kuwakosesha watu wake. Katika 2 Nyakati 33 alijinyenyekeza sana akiwa katika pingu huko Babeli, akaomba, Mungu akamsikia na kumrudisha Yerusalemu katika ufalme wake. Kama kuna mtu wa kumwonyesha huyo ndugu, ni huyo. Ila msimulizi wa 2 Wafalme hataji toba yake kabisa, na katika 23:26 anasema kwamba hata baada ya marekebisho ya Yosia, ghadhabu ya Bwana haikuondoka kwa sababu ya machukizo ya Manase. Yeye alisamehewa, aliowakosesha walibaki na walichofundishwa.

Mshika Ungamo:
Wapendwa, nyote mnachukulia kwamba mtu huyu aliipoteza imani ya kweli kisha akaipata tena. Sisi wa mapokeo ya Matengenezo hatuoni hivyo. Sinodi ya Dort, mkutano wa makanisa hayo uliofanyika Uholanzi mwaka 1618–1619, ilifundisha kwamba wateule wanaweza kuanguka vibaya sana, wakamhuzunisha Roho na hata kupoteza kwa muda hisia ya neema, lakini Mungu hawaachi waanguke kabisa. Kwa hiyo ama alikuwa wa Kristo muda wote na sasa ameamshwa, ama hakuwahi kuwa wake, kama 1 Yohana 2:19 inavyosema juu ya waliotoka kwetu, na sasa ndipo anazaliwa kwa mara ya kwanza. Kwa vyovyote vile, mlango uko wazi.

Mberoya:
Ndugu Mshika Ungamo, kwa mafundisho hayo hayo, huyo ndugu akiuliza, "Nitajuaje kwamba sasa imani yangu ni ya kweli, ikiwa ile ya kwanza iliyofanana nayo kila kitu haikuwa ya kweli?" utamjibu nini? Nimewaona watu wakifarijiwa na fundisho hilo, na nimewaona wengine wakiteswa nalo.

Mshika Ungamo:
Ningemwambia asiitazame imani yake, amtazame anayeaminiwa. Lakini nakiri kwamba swali lako lina uzito.

Kitubio:
Tumsifu Yesu Kristo. Kwa upande wa Kanisa Katoliki jambo hili lina njia yake ya kawaida. Ubatizo haurudiwi, kwa kuwa alama yake haifutiki hata kwa uasi, na anayerudi anarudi kwa Sakramenti ya Kitubio, jinsi Mtaguso wa Trento ulivyoeleza mwaka 1551. Kuna faida moja ambayo huenda dada Aliyerudi Jioni ataielewa: maungamo hayo yanasikika na padre mmoja, naye amefungwa asiyaseme popote. Hakuna makofi.

Aliyerudi Jioni:
Ninakuelewa vizuri sana.

Neema Tele:
Katika makanisa mengine anayerudi anabatizwa tena. Hilo nalo mnalionaje?

Karani wa Sinodi:
Wanaobatiza tena huelekeza kwenye Matendo 19, lakini pale wanafunzi walikuwa wamebatizwa kwa ubatizo wa Yohana, wakabatizwa kwa jina la Bwana Yesu. Hawakuwa watu walioasi na kurudi. Hata Walutheri, katika Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, kifungu cha 12, walisema kwamba walioanguka baada ya ubatizo wanaweza kupata ondoleo la dhambi wakati wowote wanapogeuka, na wakawakataa kwa jina wafuasi wa Novatian. Hawakudai maji mapya.

Mama Aliyebaki:
Shalom. Nimesita sana kuandika. Ninyi mnazungumza juu ya anayerudi, na ninafurahi kwa ajili yake kadiri ninavyoweza. Lakini mleta mada alisema kwa sentensi moja kwamba mtu huyo aliwashawishi wengine, na tangu hapo ni ndugu Mlinzi peke yake aliyeligusa hilo. Mwanangu alikuwa mmoja wa vijana walioacha imani kwa kumsikiliza mtu wa namna hiyo, ambaye si huyu wa mada kwa jinsi ninavyofahamu. Aliyemtoa mwanangu amekwisha kurudi na anashuhudia makanisani. Mwanangu hajarudi. Jumapili moja nilimsikia akisimulia jinsi alivyokuwa na ushawishi, na watu wakasema amina, nami nikiwa nimeketi karibu na kiti ambacho mwanangu alikuwa akikalia. Msinifanye kuwa yule mwana mkubwa wa Luka 15. Sikasiriki kwa kuwa amechinjiwa ndama. Ninauliza tu, waliobaki kule alikowapeleka ni wa nani?

Mzee wa Kundi:
Mama, hakuna mtu hapa atakayekuita mwana mkubwa. Nadhani Zakayo anatufaa zaidi kuliko mwana mpotevu katika hili. Wokovu ulifika nyumbani mwake, naye papo hapo akasema kwamba aliyemnyang'anya atamrudishia mara nne. Hakulipa ili asamehewe. Lakini hakuna aliyelazimika kumkumbusha kwamba wapo watu aliowadhulumu. Anayerudi baada ya kuwatoa wengine anapaswa kuwatafuta kwa majina, mmoja mmoja, kabla ya kushika kipaza sauti. Ningeliweka hilo kuwa sharti la kurudi katika huduma, ingawa si sharti la kuja mezani.

Mshika Ungamo:
Naomba kutofautiana kidogo na mzee. Kuna hatari ya kumbebesha anayerudi wokovu wa wengine, mzigo ambao hakuna mwanadamu anayeuweza. Awatafute, ndiyo, lakini asiambiwe kwamba msamaha wake unategemea kama watamsikia.

Mama Aliyebaki:
Sikusema wamsikie. Nimesema aende.

Mvuvi wa Pwani ya Ziwa:
Mleta mada, swali jepesi: je, ndugu huyo ameuliza kama hii ndiyo ile dhambi ya kumkufuru Roho? Kwa kawaida watu wa hali yake huishia hapo. Marko 3:30 inaeleza kwa nini Bwana alisema maneno yale: walisema kwamba ana pepo mchafu. Walikuwa wanaziona kazi za Roho na kuziita za Shetani, wala hawakutaka kuacha. Anayeuliza kwa hofu hayuko pale.

Mlinzi wa Zamu ya Usiku:
Pamoja na hayo yote, bado hakuna aliyeigusa Waebrania 10:26, na ndiyo aliyoitaja mwanzo. "Kama tukifanya dhambi kusudi baada ya kuupokea ujuzi wa ile kweli, haibaki tena dhabihu kwa ajili ya dhambi." Huyu alifanya kusudi. Mberoya, hoja yako ya sura ya 6 haifanyi kazi hapa, kwa kuwa hapa hapasemwi habari ya kutoweza kutubu. Panasemwa dhabihu haibaki.

Mberoya:
Waliokuwa wakiandikiwa walikuwa wanavutwa kurudi kwenye dhabihu za hekalu. Ninalisoma hivi: ukiiacha dhabihu ya Kristo, usidhani ipo nyingine utakayoikuta huko uendako. Aliyeiacha akairudia hatafuti nyingine. Anaitafuta ile ile. Lakini nakubali kwamba mstari wa 29, unaotaja adhabu ya aliyemkanyaga Mwana wa Mungu, ni mkali mno, nami sitaki kuupunguza makali ili tu nishinde hoja.

Msomaji wa Waebrania:
Ninawashukuru wote. Nimempelekea uzi huu tangu jana, akausoma wote. Hakuniambia lolote kuhusu Esau wala Nikea. Aliniuliza kama Mama Aliyebaki angekubali kuandikiwa, kwa kuwa kati ya vijana aliowavuta kuna wanne anaojua wanakoishi, naye hajui aanze kwa kusema nini. Kuhusu meza ya Bwana bado hajaamua, na ndugu Mlinzi, swali lako la Waebrania 10:26 ndilo aliloniomba niliulize tena.

Mama Aliyebaki:
Aniandikie. Na asianze kwa kuwaeleza kwa nini amerudi. Aanze kwa kuwauliza wanaendeleaje.

Mlinzi wa Zamu ya Usiku:
Basi na arudie kusoma sura ya 10 kuanzia mstari wa 19, kabla ya kufika wa 26, halafu tuendelee. Kuna mwenye maelezo mengine ya mstari wa 29 tofauti na ya Mberoya?